Hamsta aliyenasa mguu kwenye gurudumu: ya kufanya leo, na nyumba ya kumhamishia

Msomaji wa Donholm, Nairobi, ameniandikia hivi kuhusu hamsta, jamaa mdogo wa panya anayefugwa nyumbani:

"Habari daktari. Binti yangu wa darasa la nne ana hamsta, wale wa rangi ya dhahabu. Juzi usiku mguu wake wa nyuma ulinasa kwenye gurudumu la waya analokimbilia. Tulimtoa, lakini sasa anauburuta, na juu kidogo ya kifundo kuna kidonda. Anakula kidogo tu. Kwa kemisti nimeuziwa siropu ya amoxicillin ya watoto, bado sijampa. Je, nimfunge mguu kwa kijiti? Tunaishi orofa ya nne, kizimba chake ni cha ndege, na paka wa jirani huingia kupitia roshani. Binti naye anasema mnyama ana upweke, anataka tumnunulie mwenzake. Nifanye nini?"

Mama, ahsante kwa kuuliza kabla ya kuifungua hiyo chupa. Usiifungue. Mengine yote nitakayosema yanaweza kungoja umalize kusoma, hilo haliwezi.

Amoxicillin ni dawa nzuri kwa mtoto wako na ni sumu kwa hamsta wake. Penisilini na jamaa zake zote, yaani amoxicillin, ampicillin na penisilini yenyewe, pamoja na erythromycin, lincomycin na clindamycin, huwaua bakteria wema wanaoishi matumboni mwa hamsta. Nafasi yao inachukuliwa na bakteria aitwaye Clostridium difficile, naye hutoa sumu mle mle ndani ya utumbo. Mnyama anaharisha, analegea, na baada ya siku chache anakufa, hata kama kidonda kilichofanya apewe dawa kimeshakauka. Ukienda agroveti utapata ushauri wa aina hiyo hiyo kwa sura nyingine: sindano ya penisilini iliyochanganywa na streptomycin, ile inayochomwa ng'ombe na mbuzi. Ikatae pia. Na usidhani mafuta ya kupaka yana nafuu. Hamsta hujilamba mwili kutwa, kwa hiyo kilichopakwa mguuni asubuhi kitakuwa tumboni kabla ya saa sita.

Zipo antibiotiki ambazo hamsta huzivumilia, kama enrofloxacin au mchanganyiko wa trimethoprim na salfa. Hizo apewe na daktari aliyempima uzito. Panadol, ibuprofen na aspirini za nyumbani nazo ziache kabatini. Hamsta mzima wa aina hiyo ana gramu 120 hadi 180. Mtu wa kilo 60 ni mzito mara 500 kuliko hamsta wa gramu 120, na hakuna kisu cha jikoni kinachoweza kugawa kidonge kwa kipimo hicho.

Sasa mguu. Usiufunge kijiti. Gurudumu la waya linapomnasa hamsta, mfupa unaovunjika mara nyingi ni wa muundi, kati ya goti na kifundo. Kwake mfupa huo ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na hauna nyama ya maana ya kuukinga. Ukimfunga banzi, kwanza atalitafuna usiku huo huo, maana kutafuna ndiyo kazi yake. Asipofanikiwa kulitoa, likiwa limekazwa linazuia damu na vidole vinaanza kufa. Likiwa limelegea, linateremka hadi kwenye kifundo na kugeuka mzigo unaouvuta mfupa pale pale ulipovunjika. Hata sisi madaktari, kama mfupa haujatoboa ngozi na ncha zake hazijaachana sana, mara nyingi hatumfungi kitu. Tunampa dawa ya maumivu na tunampunguzia nafasi ya kuhangaika. Mifupa ya wanyama wadogo hivi huunga haraka: wiki tatu hadi nne kwa kawaida, wakati mwingine sita. Inaweza kuunga ikiwa imepinda kidogo. Hilo lisikukoseshe usingizi, kwa sababu hamsta mwenye mguu uliopinda hula, huchimba na huishi vizuri tu.

Kwa nini basi nakuambia umpeleke kwa daktari leo au kesho? Kwa sababu ya maneno yako mawili: "kidonda" na "kidogo". Kidonda juu ya mfupa uliovunjika kinaweza kuwa mkwaruzo wa waya, au kinaweza kuwa mahali ncha ya mfupa ilipotokea na kurudi ndani. Kwa macho ya nyumbani huwezi kutofautisha, na hilo la pili lina hatari ya usaha kuingia mfupani. Na kula kidogo ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Hamsta ni windo, na windo halilii likiumia, maana kulia ni kuwaita wanaolitafuta. Utamwona amejikunja mgongo, manyoya yamesimama, macho nusu wazi, pengine anasaga meno, na chakula hakipungui. Hayo ndiyo maumivu ya hamsta. Daktari atampa dawa, mara nyingi meloxicam ya maji ya kudondosha mdomoni kwa sirinji isiyo na sindano, na ukirudi nyumbani huenda ukamkuta anakula jioni hiyo hiyo.

Nairobi ina madaktari wengi wa mbwa na paka, lakini wachache wamezoea panya wa kufugwa na jamaa zao. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Uliza kama wanatibu hamsta, na uliza kama wana mizani ya gramu. Swali la pili litakuambia zaidi ya la kwanza, kwa sababu asiye na mizani hiyo atakisia kipimo cha dawa. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoko kampasi ya Kabete, ni mahali pazuri pa kuanzia. KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoko Karen kando ya barabara ya Lang'ata, nao wanaweza kukuelekeza. Usione haya ukiambiwa gharama ya matibabu imepita bei uliyomnunulia. Karibu kila hamsta anayeingia kliniki ana hesabu hiyo, na daktari aliyezoea hakushangai.

Safari yenyewe ina namna yake. Usimweke kwenye bodaboda: upepo ni baridi, na kila tuta la barabara ni pigo kwenye mfupa. Panda matatu au teksi na umpakate akiwa ndani ya kisanduku kidogo cha plastiki chenye mfuniko uliotobolewa, sio katoni, maana katoni ataitoboa kabla hamjafika City Stadium. Weka tishu nyingi za kujizika ndani yake na kipande cha tango badala ya maji, maana chupa humwagika na hamsta aliyelowa hupoa. Usimnyime chakula kwa kufikiri kwamba huenda akapigwa ganzi. Sisi wanadamu na mbwa huambiwa tusile kwa kuhofia kutapika, lakini hamsta hana uwezo wa kutapika, na kumshindisha njaa humdhuru.

Kuna hali ambazo hazingoji kesho. Mfupa ukionekana, vidole vikiwa vya buluu au vyeusi na baridi, damu ikiendelea kutoka, akiwa anahema kwa mdomo wazi, mkia na makalio yakiwa yamelowa kwa kuhara, au miguu yote miwili ya nyuma ikilegea pamoja, nenda sasa hivi. Kuhusu damu, jua kwamba mwili mzima wa hamsta wako una damu ya kama vijiko viwili vya chai. Matone ambayo kwako si kitu, kwake ni mengi. Bonyeza taratibu kwa shashi safi na usiifunue kila mara kuangalia. Na kama paka alikwisha kumgusa kwa jino au ukucha, hata kama unaona kitobo tu kisicho na damu, hiyo pia ni dharura. Mdomo wa paka una bakteria wanaoenea kwa kasi mwilini mwa mnyama mdogo.

Mkiwa bado nyumbani mnangoja kwenda kliniki, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha dondosha juu ya kidonda kwa sirinji au shashi. Mara mbili kwa siku inatosha. Dettol, spiriti na haidrojeni peroksaidi ni kali mno kwa ngozi nyembamba namna hiyo, na tena atazilamba. Ukiwa pale, washa tochi ya simu uuangalie mguu wote polepole. Mara nyingine kinachoonekana kuwa mvunjiko ni uzi au unywele uliojizungusha kwenye mguu na kuukaza. Ukiuona na unaweza kuukata kwa mkasi mdogo bila kuigusa ngozi, ukate. Kama umezama nyamani, mwachie daktari.

Baada ya hapo, mwondoe kwenye kizimba cha ndege leo leo. Hana haja ya kutazama jiji kutoka juu wala ya ngazi za kupanda. Chukua sanduku la plastiki lenye pande laini, urefu wa kama sentimita 50 au 60, lisilo na ngazi, orofa wala gurudumu. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa huruma: wanamwachia gurudumu kwa kuwa "amelizoea". Hamsta hukimbia sana usiku, na mguu ukiwa umevunjika bado atalipanda na kukimbia, kwa sababu hamu ya kukimbia kwake ina nguvu kuliko maumivu. Mwekee malalo ya sentimita tano hivi, yasiyozama, ili asihangaike kuvuka vilima. Mwekee kijumba cha katoni chenye mlango mpana, chakula kikiwa mlangoni kabisa, na maji kwenye kisahani kifupi kizito, kwa kuwa kuinuka kwa miguu ya nyuma kufikia chupa kutamuumiza.

Usimwekee pamba wala ile nyuzi laini inayouzwa kama matandiko ya hamsta. Nyuzi hizo hujizungusha miguuni, na akizimeza huziba utumbo. Tishu nyeupe isiyo na manukato, iliyochanwa, ndiyo kitanda bora kwa mgonjwa, na utaona damu au usaha mara moja. Badilisha sehemu iliyolowa kila siku, lakini mwachie rundo moja la kiota chake chenye harufu yake. Ukiondoa vyote kwa mara moja atalala macho akijenga upya, na yeye anatakiwa kulala.

Baridi. Hili nalisema polepole kwa sababu tuko Julai. Hamsta hustarehe kwenye nyuzi 20 hadi 24 hivi, na usiku wa Julai hapa Nairobi hushuka hadi 11 au 12, siku nyingine chini zaidi. Nyumba zetu za orofa hazina vipasha joto. Aliye mzima anajizika na kujikunja. Aliyeumia na asiyekula vizuri hawezi kutengeneza joto la kutosha. Jaza chupa ya soda ya nusu lita maji ya moto (yasiyochemka), izungushie leso mara mbili, iweke nje ya sanduku ikigusana na ukuta wa upande mmoja, nusu tu, ili akiona joto limezidi ahamie upande wa pili. Badilisha chupa kabla hujalala na ukiamka alfajiri. Siipendi mito ya umeme ya kupasha joto: stima hupotea, ikirudi hujui imerudi kwa nguvu gani, na wanyama wengi huungua tumbo wakiwa wamelala juu yake. Jiko la makaa chumbani ndilo kabisa usilifikirie. Moshi wake utamfikia yeye kabla yenu.

Watu huniambia, "Daktari, nimemkuta baridi na amelegea, pengine amelala usingizi wa majira ya baridi." Ni kweli hamsta wa dhahabu ana uwezo wa usingizi huo, lakini huuingia baada ya kukaa kwa muda kwenye baridi kali, karibu nyuzi tano, na siku zikiwa fupi. Mchana wetu hapa karibu na ikweta ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na baridi yetu haifiki hapo. Hamsta aliyepoa na kulegea Nairobi mchukue kuwa mgonjwa. Mpashe joto pole pole mikononi na kwa chupa, kwa nusu saa na zaidi, huku mkitafuta usafiri. Wala msiharakishe kumzika, maana aliyepoa sana hupumua mara chache hata usione kifua kikiinuka.

Chakula cha mgonjwa kiwe laini. Loweka oti kwenye maji, au mpikie uji mzito wa wimbi usio na sukari wala maziwa. Ongeza kipande cha yai la kuchemsha, ukubwa wa ukucha wako, kwa ajili ya protini. Tango kwa maji, jani la sukuma wiki lililooshwa vizuri, karoti kidogo sana. Kitunguu, kitunguu saumu, machungwa, chokoleti na maharagwe mabichi asiguse. Akipata nafuu arudi kwenye nafaka zake: mtama, uwele, ngano, mbegu za malenge, na alizeti chache tu kwa sababu ataipenda kuliko zote na inanenepesha. Kijiko kimoja hadi viwili vya mezani kwa siku kinamtosha. Usihukumu kwa bakuli tupu, maana hamsta hubeba chakula mashavuni na kukificha. Mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ya keki, akiwa ndani ya kikombe. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mfano kutoka gramu 140 hadi 126, mjulishe daktari siku hiyo hiyo.

Yawezekana daktari akasema mguu hauokoleki. Kama mfupa umetoka nje au vidole vimekufa, hukatwa, na usishtuke kwa niaba ya binti. Hamsta wa miguu mitatu huzoea haraka kuliko sisi tunavyozoea kumtazama. Ikiwa uti wa mgongo ndio uliovunjika, hawezi kukojoa mwenyewe na hasikii akifinywa vidole, basi nitakuwa wazi: kumfisha bila maumivu kwa sindano ya daktari ni huruma. Ifanyike kliniki, isijaribiwe nyumbani kwa njia yoyote. Kwa unavyoeleza, mguu mmoja tu unaoburuzwa, sioni kwamba mko huko.

Tuje kwenye nyumba yake ya kudumu, na hapa nina neno zaidi kidogo kwa sababu ndiyo iliyomvunja. Kizimba cha ndege kimetengenezwa kwa mnyama anayeruka. Hamsta ni mnyama wa shimoni. Hamsta wa dhahabu asili yake ni nyanda za Aleppo, kaskazini mwa Syria. Karibu wote wanaofugwa duniani, wa Donholm akiwemo, wametokana na kizazi kimoja kilichochimbuliwa huko mwaka 1930 na mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni. Watafiti waliorudi Syria na kuyapima mashimo yao, matokeo yakachapishwa mwaka 2001, waliyakuta yana kina cha wastani wa sentimita 65, mengine yakipita mita moja, na kila shimo lina hamsta mmoja tu aliyepevuka. Macho yake ni ya gizani. Hana akili ya kupima urefu wa kuanguka, kwa sababu chini ya ardhi hakuna mahali pa kuanguka. Ndiyo maana hupanda waya hadi juu ya kizimba, huachia, na kuanguka kwa mgongo. Ungebadilisha gurudumu peke yake na kumrudisha mle, ungekuja kuniandikia tena.

Waya za kizimba cha ndege nazo zina nafasi. Chukua kalamu ya risasi: kama inapita kwa urahisi kati ya waya mbili, hapo ni pana mno kwa hamsta mdogo wa kibete. Kwa wako wa dhahabu, nafasi isizidi sentimita moja. Mguu huingia pale, mwili ukageuka, mfupa ukavunjika.

Ninachokupendekezea kwa Nairobi ni sanduku la plastiki kubwa kuliko yote utakayopata, au tangi la samaki la zamani linalovuja, ambalo hakuna mwingine analitaka. Kipimo cha sakafu ambacho wataalamu wa ustawi wa wanyama Ujerumani hukitaja ni angalau sentimita 100 kwa 50. Masanduku yanayouzwa madukani mara nyingi hayafiki hapo. Fundi wa mbao anaweza kukutengenezea kwa plaiwudi na kioo upande wa mbele, na akikuambia wavu wa kuku unatosha juu, mwambie hapana. Matundu yake ni makubwa na hamsta atapita. Nunua kwa mita wavu wa trei za kahawa, wenye matundu madogo, uukaze kwenye mfuniko kwa skrubu. Plastiki ikikatwa dirisha, kingo zote zifunikwe, la sivyo atazitafuna.

Ndani yake jaza malalo hadi upande mmoja ufike sentimita 30. Wengi wakisikia hivyo hudhani nimekosea na kuandika 30 badala ya 3. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walilinganisha hamsta waliopewa kina cha sentimita 10, 40 na 80. Wale wa sentimita 10 walitafuna waya zaidi ya wenzao. Kutafuna waya ni dalili ya mnyama aliyekosa pa kuchimba, na watu huchukulia ni utundu.

Malalo hayo utayapata wapi? Si kwa fundi wa mbao wa mtaani, ingawa maranda yake ni ya bure. Mbao nyingi za hapa ni saiprasi na paini, zina harufu kali inayokwaruza mapafu, na mtarakwa unaonukia vizuri ndio mbaya zaidi. Juu ya hayo hujui ni mbao ipi iliyotiwa dawa ya mchwa. Nyasi kavu ya Boma Rhodes inayouzwa agroveti ni nafuu na hushikilia mashimo yasibomoke. Ichambue uondoe miiba na ukungu, uichanganye na karatasi nyeupe zilizochanwa na vipande vya katoni. Osha mikono baada ya kushika karatasi za magazeti, na yeye usimpe hizo.

Gurudumu jipya liwe la uso mzima usio na vitobo, kipenyo cha sentimita 28 au zaidi, ili akimbie mgongo ukiwa umenyooka. Lisirudi kabla ya daktari kuruhusu. Zile mpira za plastiki wanazofungiwa hamsta wazunguke sebuleni usizinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kidole hunasa kwenye nafasi za hewa, na hawezi kujificha akiogopa.

Mahali pa kuliweka sanduku: chumba ambacho mlango wake unafungwa, mbali na dirisha la jua la mchana, mbali na televisheni, na si jikoni. Paka wa jirani hahitaji kuingia sandukuni ili amdhuru. Akilala juu ya mfuniko usiku mzima, hamsta hatakula. Fungeni mlango wa roshani kuanzia magharibi, na wekeni kitu kizito kwenye mfuniko. Halafu kuna ile siku keateka anapokuja kupuliza dawa ya mende nyumba zote. Mtoe hamsta nje ya nyumba kabisa kabla ya kupuliza, umrudishe harufu ikishaisha, wala usiwashe dawa ya mbu chumbani mwake. Sisimizi wakianza kufuata chakula chake, simamisha miguu ya meza kwenye makopo ya maji. Na kidonda kikiwa bado wazi, funika sanduku kwa chandarua mchana, inzi wasije wakataga.

Kuhusu mwenzake: usinunue. Hamsta wa dhahabu akishapevuka anaishi peke yake, na kumletea mgeni ni kumletea vita. Hupigana usiku mkiwa mmelala, na wengi wa wale ninaoletewa wakiwa na sikio lililokatwa au jeraha la tumboni walikuwa "marafiki" jana yake. Wakiwa dume na jike, hesabu ni nyingine: mimba yake ni ya siku 16 tu. Binti mwambie kwamba anachokiona ni mnyama aliyechoshwa na kizimba, na njia ya kumfurahisha ni kuzika mbegu kwenye nyasi azitafute mwenyewe.

Kumshika kwa wiki hizi kuwe kwa lazima tu, dawa na mizani. Usimwinue kwa ngozi ya shingo wala kwa kumbana kutoka juu. Laza kikombe, mwache aingie mwenyewe, kisha nyanyua kikombe. Binti akitaka kumshika baadaye, aketi sakafuni kwanza. Mwenye maumivu hung'ata hata anayempenda. Akimng'ata, oshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa. Najua mtakachouliza kuhusu kichaa cha mbwa: panya wadogo na jamaa zao hawajulikani kuwaambukiza watu ugonjwa huo, lakini kidole kikivimba au kutoa usaha, mwoneni daktari wa watu. Na kama nyumbani kuna mja mzito, asiwe yeye anayesafisha sanduku wala kushika malalo machafu, kwa sababu hamsta anaweza kubeba virusi vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwingine afanye, tena mbali na sinki la vyombo.